Shule ya msingi, ofisi ya kijiji na gulio kwenye eneo moja la ekari 14: tuvipange vipi?

MwanaPangani

Wakuu, habari za jioni. Naomba mchango wa wasanifu, mafundi na watu wa mipango.

Kijiji kiko mwambao wa Pangani, kilomita 2 hivi kutoka baharini. Mkutano Mkuu wa Kijiji umekubali kutenga eneo moja katikati, mita 280 mashariki-magharibi kwa mita 200 kaskazini-kusini, ili mambo ya umma yakae pamoja: shule ya msingi mpya, ofisi ya kijiji, ukumbi wa mikutano, uwanja wa mpira na gulio la Jumatano. Zahanati iko ng'ambo ya barabara, haihamishwi.

Hali ya eneo ni hii. Barabara ya mkoa inapita upande wa magharibi. Ardhi inateremka kidogo kuelekea baharini, kama mita 1 kwa kila mita 100. Kuna mwembe mkubwa katikati, ukielekea kusini kidogo, na ndipo tunapokutania siku zote. Kisima cha pampu ya mkono kiko kusini, maji yake hayana chumvi. Ukichimba mita moja na nusu unagonga mawe ya matumbawe.

Watoto ni 320 wa darasa la kwanza hadi la saba, na 50 wa awali.

Tunachobishania: madarasa yakae upande gani, ukumbi na maktaba vitumike vipi na shule pamoja na wanakijiji bila kila mtu kuzurura madarasani, na tuanze kujenga nini. Wazee wanataka shule itazame barabara, ionekane na kila anayepita. Ni sawa?

---

Msanifu_Makorora

Umeeleza eneo vizuri, mkuu. Wengi huleta ramani bila kutaja upepo unatoka wapi wala maji yanaelekea wapi.

Nianze na upepo, maana kwenu huo ndio unaoamua mengi. Kaskazi ya Desemba hadi Machi inatoka kaskazini-mashariki. Kusi ya Aprili hadi Oktoba inatoka kusini na kusini-mashariki. Kwa hiyo karibu mwaka mzima hewa inatoka upande wa bahari kwenda bara. Chenye moshi, harufu au kelele kikikaa mashariki, mtakipokea darasani. Kikikaa magharibi, upepo unakitoa nje ya eneo. Basi shule iende mashariki, gulio na kijiwe cha bodaboda vikae magharibi kando ya barabara, na vya kushirikiana vikae kati. Mmebahatika kwamba barabara nayo iko magharibi, kwa hiyo mtu wa gulioni hana sababu ya kukatiza shuleni.

Wazee wana haki ya kutaka kitu cha kujivunia mbele. Lakini cha kuonekana kutoka barabarani kiwe ukumbi na ofisi ya kijiji. Darasa likitazama magharibi, jua la alasiri linaingia limelala kadiri linavyoshuka, na upenu peke yake haulizuii.

Kuta ndefu za madarasa zitazame kaskazini na kusini. Kuta fupi, za mashariki na magharibi, zizibwe kabisa. Mko kama nyuzi 5 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana mwezi Juni liko kaskazini kwenye pembe ya nyuzi 61 kutoka ardhini, na Desemba liko kusini kwenye nyuzi 72. La Juni ndilo la chini zaidi, basi varanda ya mita 2 iwe kaskazini. Kusini wekeni upenu usiopungua mita 1. Hapo si kwa sababu ya jua, ni kwa sababu mvua ya kusi huja kwa ubavu na kulowesha madaftari.

Ubao uwe ukuta wa magharibi. Jambo hili watu hulichukulia jepesi. Mtoto akitazama magharibi, kusini iko kushotoni kwake. Mwanga wa madirisha makubwa ya kusini unamjia kutoka kushoto, na kivuli cha mkono wake wa kuume hakiangukii anachoandika. Mkigeuza ubao mashariki, watoto wengi watakuwa wanaandika kwenye kivuli cha mikono yao wenyewe. Pia acheni mita 1 ya ukuta bila dirisha pande zote mbili karibu na ubao, la sivyo utang'aa na waliokaa pembeni hawatasoma kitu.

Madirisha: msikubali ya alumini ya kuteleza, hata kama mtu anawapa bure. Ukiyafungua mpaka mwisho, nusu ya nafasi bado imefungwa na kioo. Kwa joto la pwani hiyo nusu ndiyo mnayoihitaji. Afadhali dirisha lenye nondo na vibao vya mbao vinavyofunguka vyote, na juu yake, chini ya lenta (mkanda wa zege unaozunguka kuta), msururu wa tofali za matundu pande zote mbili ili hewa ya moto itoke hata darasa likiwa limefungwa.

Chumba cha mita 9 kwa 7 ni mita za mraba 63. Kwa watoto 45 kila mmoja anapata 1.4. Wakijazwa 70 inashuka hadi 0.9, na mwalimu hapiti tena kati ya madawati. Kwa 320 mnahitaji vyumba 8, na viwili vya awali. Jengeni majengo manne, kila moja madarasa mawili na ofisi ya walimu katikati, urefu wa mita 22 hivi. Kati ya jengo na jengo kaskazini-kusini acheni mita 15, na yapishane, yasipangwe moja nyuma ya jingine, maana la mbele litalinyima la nyuma kusi yote.

---

BiMipango

Naungana na Msanifu kuhusu pande. Mimi niongeze mipaka, kwa sababu maeneo kama haya huharibika kwa mipaka zaidi ya majengo.

Kabla ya kuchora, toeni hifadhi ya barabara. Kwa barabara ya mkoa ni mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Ukumbi ukijengwa ndani ya hapo utapigwa alama ya X siku moja, hata kama umezinduliwa kwa ngoma na mgeni rasmi. Ulizeni TANROADS, wakala wa barabara, wawaonyeshe mpaka kwa maandishi.

Mkitoa mita 30 hizo, gaweni zilizobaki hivi kutoka magharibi: mita 60 za umma, ambamo gulio liko kaskazini na ofisi ya kijiji kusini; mita 80 za kushirikiana, uwanja wa mpira ukiwa kaskazini, na ukumbi, maktaba na mwembe kusini; halafu mita 110 za shule peke yake. Kwa urefu wa mita 200, sehemu ya shule inakuwa karibu ekari 5 na nusu. Uwanja wa mita 100 kwa 60, pamoja na mita 5 za pembeni kila upande, unaenea vizuri ndani ya ukanda wa kati, na magoli yakikaa kaskazini na kusini kipa hapigwi na jua la jioni machoni.

Sasa ukumbi, maana ndio moyo wa swali lako. Ukae juu ya mpaka wa shule na eneo la kushirikiana, uwe na milango miwili: mmoja unatoka upande wa shule, mwingine upande wa mwembe. Sheria iwe moja tu: milango hiyo haifunguliwi kwa wakati mmoja. Saa za masomo ufunguo wa nje uko kwa mwalimu mkuu. Baada ya masomo mlango wa ndani unafungwa kwa komeo la upande wa shule, na ufunguo wa nje anachukua mtendaji. Maktaba ifanywe hivyo hivyo. Vyoo vya ukumbi viwe na mlango upande wa umma, mtu wa harusini asitafute choo cha wanafunzi gizani.

Wazo hili lina historia. Vijiji vingi vya miaka ya 1973 hadi 1976 vilipangwa na shule, zahanati, ofisi na duka la ushirika mahali pamoja. Uingereza nako, katika kaunti ya Cambridgeshire, Henry Morris alianzisha vyuo vya vijiji ambavyo mchana ni shule na jioni ni mali ya watu wazima. Cha kwanza kilifunguliwa Sawston mwaka 1930. Kile cha Impington cha 1939, kilichochorwa na Walter Gropius na Maxwell Fry, kina bawa la madarasa lililojitenga likifungukia bustani, bawa la watu wazima mbali nalo, na ukumbi na ushoroba mpana vikiunganisha. Tabia ya nchi ni tofauti kabisa na yetu, lakini mpangilio ule wa nani anaingilia wapi unafaa kuuiga.

Mambo ya karatasi msiyaache mwisho. Muhtasari wa Mkutano Mkuu utaje ukubwa wa kila sehemu na matumizi yake, uambatane na mchoro, na uingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Pandeni mawe ya mpaka kwenye sehemu ya shule kabla vibanda vya gulio havijaanza kusogea. Kibanda kinasogea mita moja kwa mwaka, kimya kimya, mpaka siku moja kiko nyuma ya dirisha la darasa la pili.

Na Luku ziwe mbili. Mita ya shule peke yake, mita ya ukumbi peke yake. Ukumbi ukitumia umeme wa shule, fedha ya chaki inaishia kwenye spika za arusi, na hapo ndipo kamati ya shule na halmashauri ya kijiji huanza kununiana.

---

MwanaPangani

Nawashukuru sana, Bi Mipango na Msanifu. Ila nimekwama hapa: vyoo vya shule vikikaa magharibi mwa madarasa kwa sababu ya upepo, si harufu itaangukia ukumbini? Na kuna jambo jingine. Maji ya chini ya ardhi yanaelekea baharini, yaani mashariki. Vyoo vikiwa magharibi vinakuwa juu ya kisima?

---

Maji_na_Vyoo

Swali la pili ni la maana kuliko yote yaliyoulizwa humu. Upepo unataka vyoo magharibi, maji ya ardhini yanataka vyoo mashariki. Huwezi kuridhisha vyote kwa mstari huo mmoja, lakini eneo lenu lina njia ya kutokea: tenganisheni kwa kaskazini na kusini.

Kisima kiko kusini. Basi vyoo vya shule viende kona ya kaskazini-magharibi ya sehemu ya shule, kando ya goli la kaskazini la uwanja. Kusi, ambayo inavuma miezi mingi zaidi, itapeleka harufu kaskazini-magharibi nje ya eneo. Kaskazi itaipeleka kusini-magharibi juu ya uwanja na mwisho wa gulio, lakini ukumbi uko mbali kusini. Maji machafu yakijipenyeza yataelekea mashariki, sambamba na kisima na si kukipitia. Vyoo vya gulio navyo viwe kaskazini, visiwekwe moja kwa moja magharibi mwa kisima.

Umbali wa mita 30 kati ya shimo na kisima ni wa chini kabisa, na unafaa kwenye udongo. Nyinyi mko juu ya matumbawe. Jiwe hilo lina nyufa na mashimo, maji hupita humo kwa kasi bila kuchujwa. Wekeni mita 100, na nafasi mnayo. Zaidi ya hapo, msichimbe mashimo ya kina. Jengeni vyumba vya choo vilivyoinuliwa sentimita 60 juu ya ardhi, kuta na sakafu za shimo zipigwe plasta ya saruji zisivuje, na kila tundu liwe na mashimo mawili yanayopokezana: moja likijaa linafungwa mwaka mzima kabla ya kuzolewa. Kwa kuinua sentimita 60, njia ya kiti cha magurudumu inahitaji urefu wa mita 7.2, kwa mteremko wa 1 kwa 12. Fundi akiifupisha hadi mita 3 ili kuokoa saruji, hakuna mtoto atakayeipanda mwenyewe.

Idadi: tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Kama nusu ya 320 ni wasichana, ni matundu 8 yao na 7 ya wavulana. Moja la wasichana liwe pana, lenye maji ndani, ndoana, kioo na sehemu ya taka inayofungwa, kwa ajili ya siku za hedhi. Awali wapate ya kwao yenye matundu madogo, karibu na chumba chao. Mtoto wa miaka mitano haendi mita 80 peke yake. Bomba la hewa la kila shimo lipite juu ya paa kwa nusu mita na lifunikwe wavu wa nzi. Wavu ukioza, na kwa chumvi yenu huoza, bomba linageuka mlango wa nzi, basi tumieni wavu usioshika kutu.

Mabomba ya kunawia yawe njiani kurudi darasani, yasijifiche nyuma ya choo. Mtoto hunawa pale anapopita, hasa akionwa.

Maji sasa. Watoto 370 kwa lita 5 kila mmoja ni lita 1,850 kwa siku. Kwa siku 190 za masomo ni kama lita 350,000 kwa mwaka. Paa la jengo moja la Msanifu, pamoja na varanda na upenu, ni mita za mraba 230 hivi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa mvua ya milimita 1,200 kwa mwaka, ukitoa asilimia 20 inayopotea, paa moja linatoa lita 220,000. Mapaa mawili yanatosha mwaka mzima kwenye hesabu. Shida ni kuhifadhi: masika yanamwaga kwa wiki chache, halafu kiangazi. Wekeni matangi ya jumla ya lita 50,000, ambayo ni siku 27 za masomo, na kisima kibebe zilizobaki.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ina kinyesi cha ndege na vumbi la barabara. Wekeni pipa la lita 200 kabla ya kila tangi lipokee hayo kwanza, likiwa na bomba dogo chini la kujitoa lenyewe taratibu. Na msiweke pampu kubwa ya umeme kwenye kisima kile bila RUWASA, wakala wa maji vijijini, kupima. Ukivuta kwa nguvu karibu na bahari, maji ya chumvi hupanda kutoka chini, na yakishapanda hayarudi upesi.

---

Fundi_Muheza

Wakuu wamechora vizuri. Mimi niseme ya saiti.

Tofali. Mtu akikuambia mfuko mmoja unatoa tofali 50 za inchi 6, mpigie hesabu. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Tofali moja ya sentimita 45 kwa 22.5 kwa 15 inakula lita 15. Hizo 50 ni lita 760. Maana yake saruji moja kwa mchanga zaidi ya ishirini, na hiyo unaivunja kwa kidole. Kila tofali lifunikwe, limwagiwe maji siku 7, lisijengewe kabla ya siku 14. Ukuta wa mita ya mraba moja unakula kama tofali 10.

Mchanga wa ufukweni msiuguse, hata kama uko bure na lori liko tayari. Chumvi yake inatoka kwenye plasta kama unga mweupe, rangi inabanduka, na ndani ya zege inaila nondo mpaka zege linapasuka kwa kuvimba. Mchanga wa mto nao upimwe: tia kwenye chupa ya maji, tikisa, acha ulale mpaka kesho yake. Tope lililotua juu likizidi sehemu moja ya kumi, urudishe lori.

Jamvi (zege la sakafu) la darasa moja, mita za mraba 63 kwa unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 6.3. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 40 ya saruji. Chini yake nailoni nzito na dawa ya mchwa kabla ya kumwaga, si baada. Sakafu iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 45. Mteremko wenu ni mdogo, maji ya masika yatasimama.

Bati liwe geji 28 lenye mchanganyiko wa alumini na zinki. Geji 30 ya kawaida kilomita 2 kutoka baharini inaanzia kutu kwenye matundu ya misumari na kwenye upenu, pale ambapo upepo wa chumvi unapiga chini na mvua haioshi. Tumieni skrubu zenye mpira. Kenchi (fremu za mbao za paa) zifungwe kwenye lenta ya juu kwa nondo iliyozamishwa wakati wa kumwaga zege, kila kenchi, hasa upande wa varanda, maana upepo unaingia chini ya varanda na kunyanyua. Nimeona michoro mingi inayoonyesha kenchi imekaa tu juu ya ukuta kama kofia.

Ukumbi msiupe upana wa mita 10. Kwa mbao za kawaida na mafundi wa kijijini, mita 8 ndiyo ya kuaminika. Mita 8 kwa 18 ni mita za mraba 144, wanakaa watu 200 kwenye mabenchi. Kuta zake ziishie mita 1, juu ziwe nguzo na tofali za matundu. Ukumbi uliozibwa pwani hautumiki. Watu watarudi chini ya mwembe.

Nikiwa hapo: mwembe msiujazie kifusi shinani, wala msichimbe msingi ndani ya kivuli cha matawi yake. Mizizi ya kuvutia hewa na maji iko juu juu. Ukiizika kwa nusu mita ya kifusi ili kusawazisha uwanja, mti unakauka taratibu na hakuna anayejua sababu.

---

Mwl_Jioni

Kuna mambo matatu ambayo hayajaguswa, na moja sikubaliani nalo.

Uzio. Kijijini rahisi zaidi ni kupanda minyaa au mbono kaburi. Yote mawili hayafai shuleni. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaunguza vibaya, na watoto huvunja matawi kwa mchezo. Mbegu za mbono kaburi zina ladha nzuri, watoto hula, wanatapika darasa zima. Pandeni michongoma, na mpaka ikue weka waya wa seng'enge usio na miiba. Minazi nayo iwe mbali na viwanja na varanda, nazi haina taarifa. Kivuli pandeni mikungu na mwarobaini.

Vyumba. Sera ya elimu toleo la 2023 imeweka elimu ya msingi iwe miaka 6. Darasa la saba litaondoka, kwa hiyo msilijengee chumba cha peke yake pembeni. Chumba kitakachobaki wazi kiwe karibu na awali au karibu na maktaba, kipate kazi nyingine bila kubomoa.

Ratiba. Watoto wa pwani wanakwenda madrasa alasiri. Maktaba ikifunguliwa saa nane hadi saa kumi tu, haitaonwa na mtoto yeyote. Ifunguliwe magharibi ikiingia, yenye taa, kwa mlango wa upande wa umma, na mtu mzima akae hapo. Hapo ndipo shule katikati ya kijiji inapopata maana, na ndiyo sababu naipigania: mtoto asiye na taa nyumbani anapata pa kusomea, na mzazi wake yuko kikaoni hatua ishirini.

Nisilokubaliana nalo ni gulio kubaki ndani kabisa. Hata likiwa magharibi, Jumatano kuna maspika, mashine ya kusaga na lori za machungwa kutoka Muheza. Kusi haiwaondolei sauti ya spika inayoelekezwa mashariki. Ama gulio lihamie ng'ambo ya barabara, ama iandikwe kwamba maspika yanaelekea barabarani tu.

---

BiMipango

Mwalimu, kulihamisha ng'ambo ya barabara ni kuwavusha watoto na akina mama barabara ya mkoa kila Jumatano, na kulisogeza karibu na wagonjwa wa zahanati. Naona hatari kubwa zaidi huko. Ila la maspika naafiki, liingie kwenye sheria ndogo. Na stoo za shule pamoja na ukuta wa nyuma wa maktaba ndivyo vitazame gulio, viwe kinga ya sauti.

---

MwanaPangani

Nimeelewa. Nitalipeleka kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji pamoja na mhandisi wa wilaya. La mwisho: wananchi wako tayari kuanza maboma ya madarasa yote 8 kwa nguvu zao mwezi huu. Tuwaache?

---

Fundi_Muheza

Msiwaache waanze yote. Maboma manane yakiishia kwenye lenta yakingoja mabati, mvua za misimu miwili zinayaingia kwa juu, tofali zinanyonya, na mhandisi akija anaweza kusema yabomolewe. Jengo moja hadi kuezekwa, ndipo la pili. Kabla ya hilo moja kuanza, maji, vyoo na mawe ya mpaka viwepo. Mafundi nao wanahitaji choo na maji ya kuchanganyia. Ikibidi kusimama katikati, juu ya ukuta pigeni tabaka la saruji lenye mteremko ili maji yasitue. Na kamati ya mapokezi ihesabu mifuko pale pale inaposhushwa, si jioni.

---

Maji_na_Vyoo

Na kabla ya kuchimba hata shimo moja, fanyeni hivi. Pigeni vigingi na kamba mahali pa kila jengo. Halafu washeni moto wa majani mabichi pale vyoo vitakapokaa, saa nne asubuhi na tena saa tisa alasiri, watu wawili wasimame ukumbini na wawili kwenye darasa la awali. Moshi utawaonyesha harufu itapita wapi. Sasa hivi ni kusi. Rudieni Januari kaskazi ikishika, kabla ya kumwaga zege la vyoo.